Kamera Kando ya Mto Ganges

Mjini Varanasi, India, ngazi za mawe huteremka hadi majini mwa Mto Ganges mahali zaidi ya 80. Alfajiri Wahindu huoga humo wakilielekea jua. Kando yao madobi hupiga nguo mawe. Ibada na riziki havitengani. Raghubir Singh aliyakusanya maisha ya mto huu katika kitabu cha picha za rangi mwaka 1974.

Lakini penye ngazi za Manikarnika, ambako maiti huchomwa usiku na mchana, mgeni huambiwa aishushe kamera. Nasi tuzikao twaijua adabu hiyo: Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Kilio cha mfiwa, awe wa dini yoyote, si tamasha.