Adabu Isiyosema Kweli



Mimi ni mtu wa Tanga. Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka arobaini, na katika muda wote huo jambo nililolikazania kuliko jingine ni adabu: mdogo asimkate mkubwa kauli, wala mtoto asimjibu mzazi wake. Sikulijutia jambo hilo, wala makala haya hayakuja kulibomoa. Lakini nataka nikusimulie habari ya siku moja ambayo adabu hiyo hiyo niliyoifundisha ilikaribia kumwangamiza mwanangu mbele ya macho yangu. Na mwenye kosa si yeye, ni mimi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2023 nilikuwa Uskoti kumzuru mwanangu anayefanya kazi mjini Glasgow. Watu wa nchi ile wana mazoea ya kupanda milima yao kwa miguu, wazee kwa vijana, si kwa kutafuta kuni wala malisho, bali kwa kutembea tu na kuyatazama maumbile. Sheria yao ya mwaka 2003 imempa kila mtu haki ya kupita katika ardhi iliyo wazi hata kama ina mwenyewe, maadamu haharibu wala haudhi. Milima yao inayozidi futi 3,000 huiita Munro, kwa jina la Sir Hugh Munro aliyeichapisha orodha yake mwaka 1891. Leo inahesabiwa kuwa 282, na wako watu wanaotumia umri wao kuipanda yote, mmoja baada ya mmoja.

Mwanangu alituchagulia Ben Lomond, mimi na mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu. Huo ndio Munro ulio kusini kuliko yote, na kimo chake ni mita 974. Niliposikia hesabu hiyo nilicheka. "Mwanangu," nikamwambia, "kwetu Lushoto watu wanalima kabichi karibu mita 1,400, na wanapanda na mizigo kichwani. Hicho ni kilima tu."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwani niliupima mlima kwa urefu wake peke yake. Lushoto iko karibu na ikweta. Ben Lomond uko nyuzi 56 kaskazini, na pepo za Bahari ya Atlantiki, zilizojaa maji, huipiga milima ile moja kwa moja. Hewa yenye unyevu ikisukumwa juu hupoa, ikipoa huwa wingu, na wingu huwa mvua. Katika kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu, na upepo nao huzidi. Haya si maneno ya kubahatisha. Tangu mwaka 1883 mpaka 1904 wataalamu wao waliweka kituo juu ya kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, wakakaa huko kiangazi na kipupwe wakiandika hali ya hewa saa kwa saa. Wastani wa joto la mwaka mzima walioupata ulikuwa chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango cha maji kuganda. Na mlima huo, wenye mita 1,345, haufikii kimo cha mji wa Lushoto!

Mwanangu aliyajua hayo yote. Usiku wa kuamkia safari alisoma taarifa ya hewa ya milimani, ambayo huko hutolewa mbali na ile ya mijini. Ilisema asubuhi kutakuwa na jua, na mchana upepo na mvua. Kisha akapiga hesabu kwa kanuni aliyoiweka Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892: saa moja kwa kila maili tatu za njia, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Akaongeza muda kwa ajili ya umri wangu, akasema, "Baba, ikifika saa nane hatujawa juu, naona ingefaa turudi." Nikamwitikia kama mtu amwitikiavyo mtoto.

Tulipofika Rowardennan, ukingoni mwa ziwa la Loch Lomond, alinipa koti la mvua aliloniazimia kwa rafiki yake. "Baba, huoni vyema ukalivaa hili?" Mimi nilikuwa na koti langu la kitambaa cha pamba, na jua lilikuwa likimeremeta juu ya maji. Nikamwambia, langu lanitosha. Hakunijibu. Alilikunja lile koti akaliweka kiti cha nyuma, akafunga gari, tukaondoka. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Njia hupita kwanza katikati ya miti, kisha mlima hufunuka, ukawa nyasi, mawe na vijito. Kwa muda wa saa mbili tulipata jua, manyunyu, jua tena, upinde wa mvua, kisha mvua ya mawe madogo iliyotupiga usoni kama mchanga. Mjukuu wangu alilivaa koti lake na kulivua mara nne. Kila tulipogeuka nyuma tuliliona ziwa na visiwa vyake, mara limeng'aa, mara limekuwa jeusi. Nilifurahi mno, nikamsabihi Mola wangu, na moyoni nikazidi kujiona kuwa mimi ndiye niliyesema kweli.

Kisha wingu likashuka. Ziwa likatoweka, na upepo ukaja na mvua ya ubavuni. Koti langu likalowa, likawa zito kama gunia la chumvi, na meno yangu yakaanza kugongana. Mwanangu akavua koti lake akanivika.

"Na wewe je?" nikamwuliza.

"Nina sweta, baba. Inanitosha."

Nami nikapokea. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwamini. Jibu ni kwamba jawabu lake lilinifaa mimi.

Sehemu ya mwisho ya mlima ule ni ya kupanda kwa kupindapinda, na upande wa kaskazini-mashariki mlima umekatika ghafla, ukawa magenge. Hatukuweza kuona zaidi ya hatua ishirini. Ilipokuwa saa nane kasoro dakika kumi mwanangu alisimama. Kwa ramani, kilele kilikuwa kimebaki chini ya mita 100 juu yetu.

"Baba, waonaje?" akauliza.

"Twende, tumeshafika."

"Haya, baba."

Msomaji, litazame vizuri neno hilo "waonaje". Kwa mtu aliyelelewa kwetu, si swali. Maana yake ni: saa imefika, wingu limefunga, baridi imenishika, nakuomba wewe uamue turudi ili nisikuvunjie heshima. Nami nililifahamu, maana ni mimi niliyemfundisha kusema namna hiyo. Lakini nililichukua kwa sura yake ya nje, kwa sababu nilikitaka kilele.

Hatukwenda hatua hamsini, mjukuu wangu akanivuta mkono. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemkaripia mezani kwa kunisahihisha jambo, nikamwambia kwamba mtoto hazungumzi juu ya maneno ya wakubwa. Sasa alinitazama kwa woga, akasema, "Babu, samahani. Baba anajikwaa. Nimemwuliza kitu, hakunijibu vizuri. Na ameshindwa kufunga mkoba."

Niligeuka. Mwanangu alikuwa amesimama anapapasa kifungo cha mkoba kwa vidole visivyomtii. Nilipomwita, ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeamshwa usingizini. "Sina neno, baba," akasema. Baridi ikishaingia mwilini ndivyo ifanyavyo: mtu hutetemeka, kisha mikono humkatalia, miguu hujikwaa, ulimi huwa mzito, na akili nayo huanza kumpotea, hata mgonjwa mwenyewe husema hana neno. Wala si lazima pawe na theluji. Nguo iliyolowa na upepo vyatosha kumwua mtu.

"Tunarudi," nikasema, nikalivua koti. Akalikataa, akalikataa tena. Nikamwambia, "Livae. Hii si adabu tena, hii ni amri." Mjukuu akamvisha kofia yake ya sufu, tukamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi, tukampa tende. Mkobani tukakuta turubai jepesi la nailoni, alilokuwa amelihifadhi kwa ajili yetu sisi wawili, nikajifunika hilo. Kijana akashika ramani na dira, akatangulia. Mimi nilimshika mwanangu mkono, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nikafuata nyuma ya mtoto, nikikanyaga pale alipokanyaga.

Tulipotoka chini ya wingu, maneno ya mwanangu yalianza kunyooka. Tulipokaribia miti, jua likatoka, na nyuma yetu kilele kikasimama peupe, hakina hata utando. "Babu," kijana akasema, "tungalingoja kidogo tu!" Nikamwambia kwamba Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kulikalia neno "lau", na kwamba sisi tuliamua kwa wingu tuliloliona, si kwa jua tusilolijua. Hatujafika mbali, wingu likakifunika tena.

Tulitawadha kijitoni, kwa maji yaliyochoma kwa baridi. Kijana akatuonyesha kibla kwa dira yake, kusini-mashariki, tukasali adhuhuri. Tulipofungua gari, lile koti la kuazima lilikuwa palepale kiti cha nyuma, limekunjwa, kavu kabisa. Hapana aliyesema neno. Nililichukua nikalipakata njia nzima mpaka Glasgow.

Ndugu msomaji, katika habari za Badr imesimuliwa kwamba sahaba Al-Hubab bin Mundhir alipoona mahali palipopigwa kambi, alimwuliza kwanza Mtume (s.a.w.) kama pale ni kwa amri ya wahyi au ni kwa rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alisema wazi kwamba mahali pale hapafai, na jeshi likahamishwa karibu na visima. Habari hii nimeisomesha miaka mingi, na kila mara nilimsifu Al-Hubab kwa adabu yake ya kuuliza kwanza. Ni mlimani ndipo nilipotambua sehemu yake ya pili: adabu yake haikumzuia kusema, na aliyeambiwa hakuona kuwa amevunjiwa heshima.

Basi wewe uliye baba, au mwalimu, au imamu, au mkubwa wa kazi, usijidanganye kwamba kwa kuwa hapana anayekupinga, hapana anayeona kosa lako. Huenda wanaliona wote, na wamekuvika makoti yao huku wao wanatetemeka. Siku hizi mwanafunzi akiniambia "vile utakavyo, maalim", simwachii hapo. Namwuliza, "Wewe ungekuwa peke yako, ungefanya nini?" Kisha nanyamaza mpaka aniambie. Na wewe uliye mdogo, jifunze kwa mjukuu wangu: alitanguliza "samahani", kisha akasema kweli yote, wala hakuipunguza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuambiwa tukasikia. Amin. Wabillahi tawfiq.