Uduvi wa Barafuni Katika Chupa za London

Mgeni afikaye mtaa wa South Kensington, jijini London, hulakiwa na jumba kubwa lenye minara mirefu na sanamu za wanyama kutani. Hilo ndilo Jumba la Makumbusho ya Viumbe, lililofunguliwa mwaka 1881. Watoto hukimbilia mifupa ya nyangumi iliyotundikwa ukumbini. Lakini ipo hazina nyingine isiyo na fahari machoni: chupa za kioo zilizojaa spiriti, na ndani yake uduvi na jamaa zao waliovuliwa chini ya barafu ya Ncha ya Kusini, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Spiriti huzuia kuoza, ingawa hufifisha rangi. Kiumbe aliyetoka majini akiwa mwekundu sasa ni mweupe kama nta. Hata hivyo miguu, papasi na gamba hubaki, na mtaalamu huweza kuvihesabu kana kwamba kiumbe amevuliwa jana.

Viumbe hao hawakupatikana kwa urahisi. Mwaka 1899 watu 10 wakiongozwa na Carsten Borchgrevink walikaa Cape Adare, wakawa wa kwanza kupitisha majira ya baridi katika bara la Antarktika. Mtaalamu wao wa wanyama, Nicolai Hanson wa Norwei, aliugua akafariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo. Ndiye mtu wa kwanza ajulikanaye kuzikwa katika bara lile. Wenzake walirejea na vielelezo, na kazi ya kuwachambua uduvi na jamaa zao ilimwangukia Thomas Vere Hodgson. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1902.

Wakati huo Hodgson mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda huko, katika meli ya Discovery iliyoongozwa na Kapteni Robert Falcon Scott. Meli ilinaswa na barafu tangu mwaka 1902 hadi 1904. Hodgson hakukaa bure. Alitoboa matundu katika barafu, akapitisha kamba chini kwa chini, na wavu ukaburutwa sakafuni mwa bahari. Matundu yaliganda, naye akayachimba upya. Maji ya chumvi ya huko hukaribia nyuzi 2 chini ya sifuri kabla ya kuganda, lakini yamejaa uhai. Humo huishi Glyptonotus, mwenye gamba la pingili, awezaye kufikia urefu wa karibu sentimita 20.

Huenda mtu akauliza: uduvi mfu ana faida gani? Jibu limo katika kikaratasi kilichomo chupani. Kikaratasi hicho hutaja mahali, tarehe na kina cha maji. Bila maneno hayo machache, chupa ni mzoga tu. Yakiwapo, chupa huwa shahidi: bahari hii, mwaka ule, ilikuwa na viumbe hawa. Leo, bahari inapozidi kupata joto, wataalamu hurudi kwa mashahidi hao ili kulinganisha.

Aliyeandika kikaratasi kwa vidole vilivyokufa ganzi hakumjua atakayekisoma. Alitimiza zamu yake tu. Kaburi la Hanson lingali juu ya Cape Adare, katika upepo mkali. Kazi waliyoianza pamoja haikuzikwa naye.