Wageni 27 Katika Nyumba ya Voi

Ndugu msomaji, khabari hii siiandiki kwa kujisifu wala kwa kumsema mtu, kwani mwenye kosa kubwa ndani yake ni mimi mwenyewe. Nimekaa nayo muda. Lakini kila nikiona jinsi watu wetu wa pwani wanavyojikusanya siku hizi, jamaa kwa jamaa, wakakodi nyumba nzima kando ya mbuga kwa mapumziko ya skuli, naona si vyema kuendelea kunyamaza.

Mwezi wa Disemba 2022, nyumba tano za ukoo wetu hapa Mombasa tulipatana kwenda Voi ili watoto wakaone wanyama wa Tsavo. Hoteli za ndani ya mbuga hatuziwezi kwa bei, na hata tungeziweza, vinywaji vinavyouzwa humo si vya kukaliwa karibu na watu wenye dini. Nyumba ya kukodi ina stara yake: jiko ni lako, nyama umeinunua kwa mchinjaji unayemjua, wanawake wana upande wao, na sala ya jamaa husaliwa barazani bila ya kumuudhi mtu. Wala nyumba kama hizi si jambo geni katika dini. Katika Surat Nnur, baada ya Mwenyezi Mungu kutukataza kuingia majumba ya watu bila ya kubisha hodi na kutoa salamu, imekuja aya ya 29 kutuondolea dhambi ya kuingia majumba yasiyokaliwa ambayo ndani yake tuna manufaa. Na wafasiri wengi wakatoa mfano wa nyumba za kupangishia wasafiri. Aya hiyo huishia kwa kutukumbusha kuwa Mungu anayajua tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha. Maneno hayo ya mwisho nilikuwa nikiyasoma miaka mingi nisiyazingatie.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Nikafanywa mimi, kwa umri tu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja akaaye Nairobi, na mapatano yalifanywa kwa simu. Bei yake ilikuwa ya kichwa: shilingi 1,000 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, ila watoto walio chini ya miaka mitano hawalipiwi. Sisi tulikuwa watu 27. Watoto wetu 11 walikuwa baina ya miaka sita na kumi na nne, si wachanga hata kidogo; mmoja wao keshaota ndevu mbili tatu. Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye hodari wa mambo ya simu, akaniambia, "Mjomba, tuseme kumi na sita. Watoto watalala chini kwenye mikeka, kwani wamtia khasara gani?" Nikamwambia haya. Sikusema zaidi ya neno hilo moja, haya. Na nilipolisema nilijua nasema nini. Siku tatu, watoto 11: shilingi 33,000.

Tuliondoka Jumatatu baada ya Alfajiri katika matatu mbili. Mackinnon Road tukasimama, kama wasimamavyo wasafiri wengi wa njia ile, kwenye msikiti ulio kando ya reli alipozikwa Seyyid Baghali, aliyekuwa mmoja katika watu wa kazi ya reli. Yanayosimuliwa juu ya kaburi lile ni mengi na si mahali pake hapa. Mimi nilichokiangalia ni njia nzima kutoka Samburu hadi Maungu: miti imesimama bila ya jani, na ng'ombe mbavu zao zahesabika. Mvua zilikuwa zimekosa misimu mfululizo. Mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imetangaza kwamba ukame ule umekwisha kuua ndovu zaidi ya 200 nchini Kenya.

Voi ni kiasi cha kilomita 150 kutoka Mombasa, yaani inapita marhala mbili kwa mbali. Na kwa kuwa tulinuia kuondoka Alkhamisi, tulikuwa na rukhsa ya kufupisha na kukusanya sala. Hilo tulilishika vizuri sana. Niliwakalisha vijana nikawaeleza Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili, Magharibi haifupishwi, na kadhalika. Amiri wao ni mwanachuoni kweli kweli!

Nyumba ilikuwa kubwa, ya vyumba sita, na ua wake una seng'enge na michongoma. Nyuma, mwisho wa kiwanja, palikuwa na vyumba viwili vya mwangalizi, bwana mmoja Mtaita, Mkristo, akikaa na mkewe na watoto watatu. Akatupokea kwa adabu, akasimama mlangoni watu wakiteremka garini. Nilimwona anahesabu kwa macho. Alipofika mwisho alinitazama kidogo, kisha akachukua mizigo ya wazee akaingiza ndani. Jioni akaja kunieleza khabari ya maji: hayaji kwa mfereji siku hizi, bibi hununua lori, na matangi mawili ya lita 5,000 kila moja yamejazwa kwa ajili yetu. "Kwa watu kumi na sita yatatosha hata yabaki, mzee," akasema. Hakuongeza neno.

Hapa naomba nipumzike na simulizi niseme jambo ambalo wengi wetu Mombasa hatulifikirii. Maji tunayoyanywa, sehemu yake yatoka Mzima, chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua huanguka juu ya milima ya Chyulu, ikanywewa na mawe ya volkano, ikatokeza Mzima ikiwa maji safi kama machozi. Na tangu miaka ya 1950 pana bomba la zaidi ya kilomita 200 linaloyaleta mpaka pwani. Bomba hilo lapita katika nchi ya Wataita, na kwa miaka mingi watu wa huko wamelalamika kwamba wao wenyewe wana kiu. Basi sisi ni watu tuliolelewa kwa maji yao, tukaenda kwao mwaka wa ukame tukayamaliza hata yale ya lori.

Kwani tuliyatumia vipi? Kama tulivyozoea. Watoto wameoga asubuhi na jioni kwa sababu ya vumbi jekundu. Akina mama wamefua. Na katika kutawadha, hasha, sikumwona mtu aliyefunga mfereji akisukutua. Nasi tumesoma sote kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo ni kujaza viganja viwili vya mtu wa kiasi, na akioga kwa pishi ya mudi nne mpaka tano. Tangi la kwanza likakauka Jumanne adhuhuri. Usiku wake mjukuu wangu mwenyewe, mtoto wa miaka minane, alitawadha kwenye mfereji wa uani akauacha wazi akakimbilia sala. Hakuna aliyesikia. Maji yakamwagika usiku kucha, yakafanya ziwa dogo karibu na seng'enge.

Jumatano Alfajiri niliamka nikakuta hata tone hakuna. Nikatoka uani nikaupiga ukuta wenye vumbi kwa viganja ili nitayamamu. Yule bwana mwangalizi alikuwa ameamka, akanikuta napangusa uso kwa vumbi. Akaniuliza, "Mzee, ni dawa?" Nikamweleza kwamba Muislamu akikosa maji ameruhusiwa mchanga. Akasikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Kidogo akarudi na madebe mawili ya maji kutoka tangi lake mwenyewe, tangi la plastiki la lita 2,000 lililo kando ya mlango wake, alilonunua kwa kuweka akiba. Akayaweka miguuni pangu. "Haya si mengi," akasema, "lakini mchanga si wa kuoshea uso mtu mzima." Kisha akaleta mengine kwa ajili ya jiko.

Siku hiyo tuliingia mbugani. Kusema kweli, furaha ya watoto ilikuwa kubwa. Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na ukijumlisha Mashariki na Magharibi ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ukisimama juu unaona nchi isiyokuwa na mwisho. Tukaona ndovu wekundu, ambao si kabila jingine la ndovu bali ni ndovu hawa hawa waliojipaka udongo wa Voi. Walikuwa wamekonda. Mmoja alisimama kando ya njia hakutaka hata kuondoka, masikio yamelegea, na mtoto mmoja garini akauliza kama anaumwa. Dereva akasema, "Ana kiu." Wote tukanyamaza, kisha mtu akafungua chupa ya soda na mazungumzo yakarudi.

Usiku ule saa nane tukasikia mlio kama wa gari limeanguka. Ndovu walikuwa watatu. Walikuwa wamenusa ziwa letu la jana, wakaivunja seng'enge wakaingia, na walipokuta limebaki tope wakaenda moja kwa moja kwenye tangi la mwangalizi. Ndovu ana pua ya kunusa maji kutoka mbali sana. Walilisukuma likapasuka, wakanywa kilichomwagika. Mkewe alikuwa ndani, hatua kumi kutoka hapo, amewafunika watoto vinywa wasilie. Mumewe alipiga bati na kumulika tochi mpaka wanyama wakatoka kwa taratibu zao. Hakuumia mtu, al-hamdulillah. Lakini mpaka leo nikikumbuka hatua zile kumi, mwili hunisisimka.

Asubuhi, kabla ya kupakia, tulikaa barazani. Nilidhani tutazungumza khabari ya kulilipa lile tangi. Tukazungumza khabari ya kutolilipa. Shemeji yangu akasema ndovu ni wa serikali, na sheria ya mwaka 2013 ina fidia, aende akadai. Mwingine akasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ajabu ya kadari hii, huwa haitajwi mali ikiingia, hutajwa ikitakiwa kutoka. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia; hakuwa na kawaida ya kuingilia mazungumzo ya wanaume, lakini akasema kwa sauti ya kusikika, "Nyote mumewaona ndovu. Hakuna aliyeuona mfereji?"

Basi tukachanga. Si wote. Tulipata bei ya tangi na ya lori moja dogo la maji, nikamkabidhi yule bwana mkononi, nikamwomba radhi kwa ajili ya mfereji. Akapokea, akasema mtoto ni mtoto. Nikarudi Mombasa nikijiona nimetoka salama.

Baada ya wiki mbili akanipigia simu. Hakupiga kulalamika, aliniomba msaada. Bibi mwenye nyumba alikuwa amefika, amekuta matangi yote mawili makavu, akapiga hesabu yake: watu 16, siku tatu, lita 10,000. Maji yamekwenda wapi? Hata mfereji uliosahauliwa, akasema, ni usiku mmoja tu, na tangi la kwanza lilikuwa limekwisha kabla yake. Mwaka ule wa kiu maji ya Voi yalikuwa fedha. Akamwambia mwangalizi kuwa ameyauza, na kwamba mshahara wake utakatwa, na mwisho wa mwezi atatafuta mtu mwingine.

"Mzee," akaniambia, "mwambie tu kwamba maji mliyatumia nyinyi. Idadi sikumtajia. Hiyo ni yenu."

Ndugu yangu, nilikuwa nimekaa kitako kitandani, na simu iko sikioni, nisipate jibu. Mtu huyu alituhesabu siku ya kwanza. Ametuficha, kwa kuwa tu wageni wake, mpaka ametiwa wizi kwa ajili yetu; na mimi nilikuwa nimekwisha kuitakasa nafsi yangu kwa bei ya tangi.

Nilimpigia yule bibi siku hiyo hiyo, baada ya Alasiri. Nilijaribu kwanza kuzungusha maneno, nikaona ulimi wakataa, nikasema: tulikuwa 27, mimi ndiye niliyekuambia 16, na mwangalizi wako hana alichokuuzia. Alinyamaza. Kisha akaniuliza, bila ya kupaza sauti, "Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwasalisha?" Nikamwambia ndiyo. Akasema atamrudishia mtu wake mshahara. Jioni nilimpelekea shilingi 33,000 kwa simu. Jamaa zangu nilipowaeleza, nyumba mbili zilinirudishia fungu lao. Mtoto wa dada yangu aliniambia nimejitia fedheha ya bure kwa jambo lililokwisha. Hatujazungumza sana tangu hapo, nami natumai yatapoa.

Mjukuu wangu nimemnunulia kopo. Twatawadha sote wawili kwa kopo moja moja, naye hunitazama kama nitaongeza.

Mvua za masika zilipoanza mwaka 2023 yule bwana alinipigia tena, kunipa khabari kwamba Voi imenyesha na tangi lake jipya limejaa mpaka juu. Akaniuliza hali za wazee na watoto, akaniuliza tutakwenda lini tena. Nikamwambia in shaa Allah, tukijaaliwa uzima, Disemba.

"Karibuni sana," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Mtakuwa wangapi, mzee?"