Trekta Isipowaka, Ifuatwe Waya Kabla ya Duka

Trekta ndogo ni kama askari mwenye bidii: hula kidogo, hufanya kazi kubwa, na siku inapogoma haikosi kuwa na sababu. Lakini wengi wenye mashine hizo hawaitafuti sababu hiyo. Ufunguo ukigeuzwa na kimya kikajibu, wao hukimbilia dukani kununua betri. Betri mpya hutiwa, mashine huwaka siku mbili tatu, kisha hunyamaza tena, na fedha za nyumba zimekwisha kwenda.

Katika wilaya ya Masindi, nchini Uganda, alikuwako sajini mmoja mstaafu aliyekuwa na trekta ya namna hiyo, ya silinda tatu, itumiayo dizeli. Aliinunua kwa fedha za kiinua mgongo, nayo ilikuwa imekwisha tumiwa na mwingine. Alilima shamba lake, akalima na ya jirani kwa malipo madogo. Na kila msimu alilima bure kipande cha mjane wa askari mwenzake. Mvua za Machi zilipoanza, siku ile ile iliyokuwa zamu ya mjane, trekta ilikataa. Ulisikika mlio mmoja mfupi, "ta!", basi.

Fundi wa mjini aliitwa. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Afande, betri hii imekufa. Leta nyingine." Betri yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka, na fedha zilizokuwamo nyumbani zilikuwa karo ya binti yao aliyekuwa katika mwaka wa mtihani. Usiku ule mkewe alimwuliza kwa sauti ya chini, "Baba watoto, si jeshini ulikuwa fundi wa simu za upepo? Chombo kilipokufa porini, mlikuwa mkikimbilia duka gani?" Mzee alicheka, lakini swali lile halikumwacha alale.

Asubuhi aliazima mita ya kupimia umeme kwa mwalimu wa shule ya ufundi, akaanza kazi kama alivyofundishwa zamani: kutoka kwenye chemchemi ya umeme hadi mwisho wake, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

Kwanza betri. Betri ya volti 12 ina vyumba sita vya risasi na asidi, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Kwa hiyo betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0, imekaribia kuisha. Ya mzee ilisoma 12.5. Hata hivyo kipimo hicho hakitoshi, maana betri dhaifu yaweza kuonyesha uso mzuri mpaka itwikwe mzigo. Gia iliwekwa huru, breki ikafungwa, mkewe akakaa kitini na kugeuza ufunguo huku mzee akiitazama mita. Betri mbovu ingaliporomoka chini ya volti 10, au hata 9. Hii ilibaki juu ya 12. Maana yake ilikuwa wazi: betri haikuchoka, bali umeme wake haukupata njia ya kutoka.

Wakati huo kijana wa jirani alifika na bisibisi ndefu. "Mzee, niruhusu niigusishe stata moja kwa moja, itawaka sasa hivi." Mzee alimkatalia kwa ukali ambao kijana hakuuzoea. Kuunganisha stata kwa chuma ni kuruka swichi za usalama, zile zilizowekwa ili injini isiwake gia ikiwa imeingia. Afanyaye hivyo husimama ardhini, mbele ya gurudumu la nyuma. Gia ikiwa imesahauliwa, trekta huondoka papo hapo na kumpanda. Watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi nyingi, na wengi wao walikuwa na haraka tu.

Kisha mzee alipima njia zenyewe. Aligusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, na ya pili kwenye stata pale unapofungwa waya mnene. Ufunguo ulipogeuzwa, mita haikufika nusu ya volti: njia hiyo ilikuwa salama. Akahamia upande wa hasi, ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mita ikaruka kupita volti 8. Mwizi alikuwa amepatikana. Waya wa hasi ulipofunguliwa pale ulipokazwa kwenye chuma, ilionekana kwamba muuzaji alipaka rangi ili trekta ing'are, na chini ya rangi kutu imekula polepole. Mzee alisugua kwa msasa mpaka chuma kikameta, akakaza nati, akapaka grisi juu yake. Injini iliwaka mara ya kwanza. Gharama yake ilikuwa kipande cha msasa.

Si kila trekta huugua ugonjwa huo, lakini dalili husema. Pasipo mlio wowote, atazamwe fyuzi kwanza, kisha swichi za klachi, za kiti na za shafti ya nyuma, pamoja na waya mwembamba uendao kwenye stata. Stata ikizungusha injini kwa nguvu na injini isiwake, huenda plagi za kupasha joto hazipati umeme, au kifaa cha kufungulia dizeli hakifunguki. Betri ikiisha kila siku, ipimwe injini ikinguruma: yafaa isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12, utazamwe mkanda kwanza, kwani ukilegea haujazi betri. Ikipita 15, kidhibiti kimeharibika na maji ya betri yatachemka. Tena panya hupenda kulala chini ya boneti na kutafuna waya. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa msumari wala kwa fyuzi kubwa zaidi, maana hapo patakapoungua ni nyaya zenyewe, na pengine trekta nzima.

Yako na mambo ambayo watu wa nyumbani hawana budi kuyajua, hata wasioshika spana. Waya wa hasi hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho, ili spana ikigusa chuma cha trekta pasitoke cheche. Betri inayojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Sigara, jiko na taa ya mafuta zikae mbali nayo. Unga mweupe juu ya vichwa vyake huoshwa kwa maji ya magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa. Asidi ikiruka machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Kipande cha mjane kililimwa siku iliyofuata, na karo ikalipwa kwa wakati. Tangu hapo mke wa sajini anaweka daftari karibu na lile la matumizi ya jikoni. Ndani yake ameandika siku betri iliponunuliwa, kipimo chake kila mwanzo wa mwezi, na siku mkanda ulipokazwa. Fundi akija na kusema betri imekufa, yeye ndiye humletea mita, na kumwomba kwa heshima apime kwanza.