Sinema Bubu Katika Somo la Historia

Sinema za kwanza kusimulia habari za kale zilikuwa bubu. Mwigizaji alisema kwa mikono na macho, na maneno machache yaliandikwa katikati ya picha. Kwa mwalimu ububu huo ni faida, maana nafasi ya sauti yaachwa kwake na kwa wanafunzi wake.

Hapa Kasanga niliwaonyesha wanafunzi wa Darasa la Sita vipande vya Cabiria, sinema ya Kiitaliano iliyotengenezwa na Giovanni Pastrone mwaka 1914. Yahusu vita vya Roma na Karthago, mji wa Afrika ya Kaskazini, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Mtumwa mwenye nguvu, Maciste, anasaidia kumwokoa mtoto asitolewe kafara hekaluni. Niliwaagiza wanafunzi wawatungie maneno watu waliowaona. Hata wale wasionyoosha mkono kwa kawaida walisema, kwa kuwa hapakuwa na jibu la kitabuni la kuogopa.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mtu huyu amepakwa rangi?" Alikuwa ameona sawasawa. Maciste huonyeshwa kuwa mtu mweusi, lakini mwigizaji ni Bartolomeo Pagano, Mzungu aliyekuwa mchukuzi katika bandari ya Genoa. Swali hilo likawa ndilo somo lenyewe. Italia ilikuwa imewanyang'anya Waturuki nchi ya Libya katika vita vya 1911 hadi 1912. Miaka miwili baadaye watazamaji wake wakaonyeshwa Roma ikiishinda Karthago. Sinema ya namna hii ina enzi mbili: ile inayosimuliwa, na ile ya watengenezaji. Mtoto asiyefundishwa kuzitenga ataamini kuwa ameyaona ya kale yenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu-mwanafunzi, onyesha kipande kifupi, waache watoto waseme, kisha uliza ni nani aliyeitengeneza picha na kwa ajili ya nani. Mwisho lirudishe swali nyumbani. Boma la Wajerumani hapa Kasanga, waliloliita Bismarckburg, lilitwaliwa na Waingereza mwaka 1916. Niliwauliza wanafunzi wangu: sinema yake ingeanza na nani? Wengi walimtaja ofisa. Mvulana mmoja alisema ianze na mpagazi, kisha akauliza mpagazi huyo alilala wapi. Wiki hiyo walikwenda kuwauliza wazee.