Wale Wachache

Watu husema mbu ni mbu. Nami nilisema hivyo, mpaka nilipopata kibarua cha kuchambua mbu hapa Ifakara, katika miaka ya 2010.

Kila asubuhi tuliletewa vikombe vya mbu walionaswa usiku katika nyumba za vijijini. Tuliwamwaga juu ya karatasi nyeupe, tukawatenga kwa hadubini. Hatua ya kwanza si ngumu. Kuleksi anapotua ukutani hulaza mwili sambamba na ukuta. Anofelesi huinamisha kichwa na kuinua nyuma, kama mtu anayesujudu. Tena anofelesi jike ana vipapasio viwili vyenye urefu sawa na mdomo wake.

Kisha kazi huanza. Funestus ni mdogo, mweusi, na miguu yake haina madoa. Gambiae na arabiensis wana madoadoa miguuni, lakini hao wawili hata hadubini haiwatengi. Mpaka kipande cha mwili, hata mguu mmoja, kipimwe maabara. Kwa sura ni mapacha, kwa tabia ni mbalimbali: gambiae hupenda damu ya mtu, ndani ya nyumba, arabiensis huenda hata kwa ng'ombe, na huuma nje pia.

Siku moja, nimechoka, niliona funestus saba katikati ya mamia ya wenye madoadoa. Nikawaandika wote kundi moja. Nilijiambia, saba watabadili nini? Msimamizi wetu, mzee mpole, akarudia hesabu yangu. Hakufoka. Alisema tu, "Kijana, umewaficha wauaji."

Alijua alichosema. Uchunguzi wa miaka hiyo katika vijiji vya bonde la Kilombero ulionyesha kuwa arabiensis ndiye aliyekuwa mwingi, lakini funestus, mchache, ndiye aliyeeneza sehemu kubwa ya malaria. Tena mazalio yao si mamoja: arabiensis hutaga katika vidimbwi vya jua na majaruba, funestus hupenda maji yanayodumu, yenye majani. Ukikosea jina, utakwenda kumsaka mahali asipo.

Jioni ile nilimkuta mtoto wa dada yangu amelala, mwili unawaka homa. Nilimsimulia mama kosa langu. Alikuwa ametoka kupalilia mpunga, matope yangali miguuni.

"Baba," aliniambia, "ungekuwa kibarua wangu ningekufukuza. Mpunga mwitu ukiwa mchanga hufanana na mpunga wenyewe. Mimi huinama, nikatazama mche mmoja mmoja. Nikiacha michache nikisema haidhuru, mwaka wa pili shamba si langu tena."

Sikuwa na jibu. Nilimchukua mtoto mgongoni, tukaenda zahanati. Alikutwa na malaria, akatibiwa, akapona.

Kesho yake vikombe vilipoletwa, nilianza kuwatafuta wale wachache.