Krismasi Mnadani Msalato

Krismasi ya 2022 nilikuwa Birmingham, Uingereza. Mume wangu alikuwa anasoma huko, nami nikamfuata kwa wiki mbili, mapenzi motomoto! Jioni ya kwanza akanipeleka soko la Krismasi, lile wanaloliita la Frankfurt kwa sababu lilianza 1997 kwa ushirikiano na mji huo wa Ujerumani. Vibanda vya mbao mpaka Victoria Square, taa kila kona, soseji ndefu kuliko mkate wake, na mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu. (Karafuu, jamani! Nikaikumbuka Zanzibar.) Kikombe unakilipia dhamana, ukikirudisha unapewa hela yako. Sisi tuliondoka nacho.

Tukiwa pale pale simu ikaita. Mama mkwe, kutoka kijijini Dodoma. Mvua imeanza, anaomba hela ya trekta alimiwe shamba. "Nitatuma wiki ijayo, mama," mwenzangu akajibu, mkononi ana mfuko wa mapambo. Mimi kimya. Mapambo niliyachagua mimi.

Kama hujui, Dodoma mvua ina msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi. Wiki ijayo ikageuka Januari. Uwele wa mama ulipandwa kwa kuchelewa na ukakauka kabla ya kukomaa. Mwenyewe hakusema neno, tuliambiwa na wifi. Usiku ule tuligombana, kila mmoja anamtupia mwenzake lawama, na ukweli ni kwamba wote tulikuwa tunaijua.

Desemba 2024 tukaamua kwenda. Treni ya SGR ilikuwa imeanza kufika Dodoma Julai ya mwaka huo, chini ya saa nne kutoka Dar, kwa hiyo kisingizio cha umbali kilishakufa. Jumamosi ya tarehe 21 tukaingia mnada wa Msalato, nje kidogo ya mji, barabara ya Arusha. Huko hakuna taa wala nyimbo za kengele. Kuna vumbi, mitumba iliyomwagwa kwenye maturubai, ng'ombe, wafugaji na fimbo zao, na moshi wa nyama choma unaokuita toka mbali. Unachagua nyama yako mwenyewe, inapimwa kilo, unasubiri na kachumbari. Soseji ya Birmingham isikudanganye!

Nikataka mbuzi wa sikukuu. Muuzaji akaanzia laki na themanini. Mwenzangu akamsalimia "Mbukwenyi!" na kuongea Kigogo, bei ikashuka mpaka laki na nusu, na mimi nikageuka kutoka "dada" nikawa "shemeji".

Tulipofika, mama akampokea mbuzi, akamfunga mtini, kisha akauliza taratibu, "Na trekta je, wanangu?"

Safari hii hela ilikuwa kwenye pochi yangu. Nilimhesabia mbele ya mwanawe, hata kabla ya chai. Trekta lilikuja Jumatatu asubuhi, na Krismasi tukala mbuzi na mlenda, kucha zangu za saluni zimejaa udongo.

Kile kikombe tulimpelekea zawadi. Nilidhani atakiweka kabatini. Anapimia mbegu za uwele.